Chumvi ya bahari?! Fundi wa begi jekundu atatuua!

Mwamjua, simtaji. TV inaganda, yeye yuwanusa waya kama paka wa Marikiti, kisha: "Hii ni chumvi ya bahari."

CHUMVI! Picha inaganda dakika ya 4 na sekunde 20. Badilisha chaneli, inarudi. 4:20, inaganda tena. Chumvi gani hiyo yavaa saa?

Hizo ni sekunde 260. TV ikifungua chaneli ya dishi la paani, inayopita kwenye waya za mtandao wa nyumba, hutuma ombi la IGMP (lugha ya vifaa ya kujiunga) kuingia kundi la multikasti, yaani mkondo mmoja wa picha unaogawiwa wanaouomba tu. Swichi, kile kisanduku cha kugawa waya za mtandao, ikiwa na snupingi (uchunguliaji) huchungulia ombi, ikaandika poti, yaani tundu la waya lililoomba. Baada ya hapo sharti awepo muulizaji, kifaa cha kuhakikisha nani angali anatazama: kila sekunde 125 auliza "nani bado yumo?", TV ijibu ndani ya 10. Pasipo swali TV hukaa kimya, na swichi ikihesabu 125 mara mbili na 10 juu, inafuta poti. Na muulizaji kwenye ruta kamzima NANI? Halafu chumvi!

MlaMahamri: Bora wewe. Kwetu alisema ni jini.

NahodhaSwichi: Mrudishe muulizaji kwenye ruta, basi. Wakiwa wawili, mwenye anwani ya IP (namba ya kifaa mtandaoni) ndogo ndiye anayeuliza. Usije ukazima snupingi! Chaneli ya megabiti (Mb) 8 kwa sekunde itamwagwa kila poti mpaka Wi-Fi, na huko multikasti hurushwa kwa kasi ya chini kabisa, pengine Mb 1 au 6 kwa sekunde, kipande kikipotea hakirudiwi. Simu zote zitakwama kama matatu za Buxton.

Mwenye uzi: Nani kauliza dawa? Kanusa WAYA, jamani!

BintiKibokoni: Kwetu TV mbili zatazama chaneli moja, ya sebuleni ikihama, ya chumbani yakatika. Huo ni mchanga?

NahodhaSwichi: Ziko nyuma ya poti moja, na kuna kuondoka papo hapo (mpangilio wa swichi) kumewashwa. Mmoja akiaga, swichi yakata bila kuuliza kama kuna aliyebaki. Kuzime.

MlaMahamri: Tuacheni hayo. Nani kayafanya mahamri kama vifungo vya kanzu?

BintiKibokoni: Na mbaazi ni maji matupu, chumvi hata chembe.

MlaMahamri: Imekwisha kwenye waya wa jamaa.