Naomba ushauri: mfungo wa Kwaresima na mbio za alfajiri

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Niko Unguja mjini. Kwaresima hii nafunga Jumatano na Ijumaa: mlo mmoja jioni, maji nakunywa. Kila siku nakimbia kilomita 5 Maisara saa 11 alfajiri, muda uleule wa sala. Siku ya mfungo, kufikia kilomita ya 3 miguu inatetemeka, na usiku nikifungua Biblia nasinzia mstari wa pili. Joto la Machi nalo mnalijua.

Nimejaribu kukimbia jioni kabla ya kufungua, kichwa kikauma. Chumvi kidogo kwenye maji imesaidia, ila si sana.

Je, siku hizo nitembee tu dakika 30, au niache kabisa? Na alfajiri sala itangulie, au nikimbie kwanza usingizi utoke?