Nasahau kama nimeshachoma insulini

FundiCherehani: Habari zenu, wakubwa shikamooni. Nina kisukari miaka mingi, natumia metformini na insulini ya usiku. Siku hizi nampima mteja kiuno, nikigeuka kuchukua chaki, namba imeshayeyuka. Hiyo si tabu, daftari lipo. Kinachonitisha ni sindano: nakaa kitandani sijui nimechoma au bado. Mnafanyaje?

BintiPwani: Pole dada. Ukiwa na shaka usirudie! Pima sukari, kisha uliza kliniki. Dozi mbili zinaweza kukushushia sukari ukiwa usingizini.

BabuKahawa: Marahaba mwanangu. Mimi natumia kalenda ya ukutani, kalamu imefungwa kwa uzi palepale. Alama naweka baada ya kuchoma, kamwe si kabla. Kengele ya simu nilikuwa naizima tu naendelea na mazungumzo.

NesiMstaafu: Mweleze daktari huo usahaulifu, usiubebe kimyakimya. Metformini ya muda mrefu huweza kupunguza vitamini B12, na upungufu wake huvuruga kumbukumbu. Kipimo ni cha damu. Dawa usiache mwenyewe.

FundiCherehani: Asanteni. Hiyo B12 sijawahi kutajiwa, nitauliza kliniki. Babu, uzi ninao wa rangi zote.