Samansi imenikuta nikianika korosho, Newala

Wakuu, tarehe 3 Oktoba nilisaini samansi nikiwa juu ya turubai la korosho. Nadaiwa pesa ya pembejeo, kesi ipo mahakama ya wilaya. Nikaikunja mfukoni na hati ya madai yake. Leo tarehe 26. Nimekwisha?

— Bado, ila umechelewa. Siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi zilihesabiwa tangu ulipopokea, zikaisha juzi. Marekebisho ya 2019 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai yanakupa siku 7 zaidi za kuomba kuongezewa muda, kwa sababu ya msingi. Ukikubaliwa, unapata siku 10 tu.

— Na korosho si sababu, mkuu!

— Wiki nzima nilimuuguza mama hospitali ya Ndanda. Karatasi za kulazwa ninazo.

— Sasa hiyo ndiyo uambatishe kwenye kiapo cha maandishi cha maombi hayo. Nenda kesho, usisubiri mnada wa korosho.