Kwa nini Frankel hakupelekwa kwenye Derby ya Epsom?

Mshika Hatamu:
Ndugu zangu, nimerudia mara nyingi kutazama mbio za Frankel, yule farasi wa Uingereza aliyekimbia mara 14 kati ya Agosti 2010 na Oktoba 2012 akashinda zote. Jambo moja halinitoki moyoni. Baba yake, Galileo, alitwaa Derby ya Epsom, mbio mashuhuri za mita 2,400 huko Uingereza, mwaka 2001. Iweje basi mwana huyu asipewe nafasi ya kukimbia zile mita 2,400?

Binti Saidi:
Ndugu, jibu limo katika tabia yake ya ujanani. Frankel alikuwa akivuta lijamu kwa nguvu, na mama yake, Kind, alikuwa farasi wa mbio fupi. Katika Guineas, mbio za mita 1,600 za Newmarket, tarehe 30 Aprili 2011, mpanda farasi wake Tom Queally alimwachia tangu getini, na walipofika katikati ya njia wenzake walikuwa wameachwa mbali kabisa. Alimaliza akiwa mbele kwa urefu wa farasi sita. Ni mbio za ajabu, nami sijaona zinazofanana nazo, lakini anayejitoa hivyo ndani ya mita 1,600 atabakiza nini kwa zile 800 za ziada? Mwezi Juni, kwenye uwanja wa mbio wa Ascot, alitimka mapema mno, na farasi Zoffany akamsogelea mpaka ikabaki robo tatu tu ya urefu wa farasi.

Mzee wa Zizi:
Binti yangu, umesema kweli kuhusu mwaka 2011, ila hukufika kwenye kazi ya mkufunzi wake, Henry Cecil. Mzee yule, naye akiuguza saratani, alimfundisha Frankel kutulia nyuma ya wenzake bila kumvunja ari, na hata kaka yake wa tumbo moja, Bullet Train, aliingizwa mbioni ili amwongozee mwendo. Matunda yake yalionekana York, Agosti 2012: katika mita zipatazo 2,100, umbali ambao hakuwa ameujaribu kabla, alikaa nyuma kwa utulivu, kisha akawapita wote na kushinda kwa urefu wa farasi saba. Naamini kwamba Frankel wa siku ile angezimudu mita 2,400. Lakini Derby ni ya farasi wa miaka mitatu pekee, naye alikuwa na minne.

Mshika Hatamu:
Shikamoo Mzee, na ahsante, Binti Saidi. Sasa nazielewa upya hata mbio zake za mwisho, Ascot, tarehe 20 Oktoba 2012, alipochelewa kutoka getini na ardhi ikiwa imelowa, akamshinda farasi Cirrus des Aigles, bingwa wa mbio hizo mwaka uliotangulia, pasipo papara yoyote. Cecil alifariki Juni 2013, baada ya kumwona mwanafunzi wake akistaafu bila kushindwa.