Naomba ushauri: zaka imenishinda na mtoto anakaribia Komunio ya Kwanza

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Niko Moshi, nauza mitumba soko la Memorial. Tangu baba watoto apate kiharusi, hela yote inaishia kwenye dawa na mazoezi ya viungo. Kadi yangu ya zaka ina saini hadi Pasaka, baada ya hapo ni patupu. Juzi kwenye jumuiya mwenyekiti kaifungua mbele ya watu, kasema nisipomaliza deni hatoi barua ya binti yangu kupokea Komunio. Na mtoto sala zote anazijua!

Najua Kanoni ya 848 ya Sheria za Kanisa Katoliki inasema mhitaji asinyimwe sakramenti kwa sababu ya umaskini. Sasa niende kwa paroko moja kwa moja, au nianzie kwa katekista? Sitaki ionekane namshitaki mwenyekiti, mama wa watu, maana ndiye huyo huyo aliyetuletea mtori mume wangu alipolazwa.

Halafu, naweza kuomba padre aje nyumbani kumpa mgonjwa Mpako Mtakatifu, au nako wataulizia kadi? Mliopitia haya, mlifanyaje?