Farasi wa Kihindi wenye masikio yaliyopinda, ni mbegu gani hawa?

Mdadisi_TZ: Wakuu habari zenu. Nimeona video ya harusi ya Kihindi, bwana harusi kapanda farasi mweupe pee, masikio yamejikunja kwa ndani mpaka ncha zinagusana juu, nikajua ni filta tu za simu hizi. Kumbe wapo kweli. Asili yao wapi? Jamaa yangu kakomaa eti ni farasi wa Kiarabu tu.

BabaKwato: Huyo ni Marwari mkuu, wa Rajasthan, jimbo la kaskazini-magharibi mwa India, upande wa Jodhpur, zamani ndo ilikuwa Marwar yenyewe. Wakubwa wa ukoo wa Rathore walimfuga kwa ajili ya vita tangu karne ya 12 huko. Sikio lake linazunguka nyuzi 180, ukimwita kwa nyuma moja linakugeukia wewe lingine linabaki linasikiliza mbele, na yeye wala hatingishi kichwa. Si mkubwa kivile, begani wengi wako kwenye sentimita 150 hivi, ila kwato ngumu na jua la jangwani kalizoea. Halafu wengi wana mwendo wao wa kuzaliwa nao, wenyewe wanauita revaal, ni kama telki hivi, huruki-ruki kwenye tandiko, unaenda umbali mrefu kiuno hakiumi. Weupe kama huyo wa harusi wanapendwa sana, weusi ndo kuna wanaosema ni mkosi, mambo ya imani hayo.

Mama Salha: Mdadisi jamaa yako hajapotea sana, damu ya Kiarabu imo. Farasi walikuwa wanapakiwa majahazini huku Ghuba kupelekwa India karne na karne, hata Marco Polo kaiandika hiyo biashara. Wenyewe wana hadithi ya jahazi la farasi wa Kiarabu kuzama karibu na Kachchh, pwani ya magharibi ya India, hiyo ichukue kama hadithi tu. Ila kusema ni Mwarabu "tu" hapana, Mwarabu gani ana masikio yale? Tena Gujarat, jimbo la jirani, kuna ndugu yake, Kathiawari, naye kapinda masikio vilevile.

Mdadisi_TZ: Asante bi mkubwa. Na yule Chetak wanaemsifia?

BabaKwato: Farasi wa Maharana Pratap, mfalme wa zamani huko Rajasthan, kwenye vita vya Haldighati dhidi ya jeshi la Mughal 1576. Wanasimulia alijeruhiwa mguu akamtoa bosi wake vitani, akaruka kijito ndo akafa.

Mama Salha: Lakini Pratap alikuwa wa Mewar, ufalme mwingine hukohuko, sio Marwar, na watu wa Gujarat wanasema Chetak ni Kathiawari wao. Mie nawaachia wenyewe 😂

Mdadisi_TZ: Sasa ukimtaka unampataje?

BabaKwato: Kazi ipo. Enzi za Mwingereza walidharauliwa, baada ya uhuru wakubwa wakanyang'anywa ardhi na farasi wengi wakauawa au kuhasiwa, mbegu ikabaki kidogo. India ilipiga marufuku kuwatoa nje tangu 1952, mwaka 2000 wachache wakafika Marekani, kisha vibali vikabanwa tena. We panda ndege tu ukawaone Jodhpur.