Mjadala: Mwanamke wa tamthilia ya Kimarekani anajitafuta, au anaikimbia nyumba?

Mwalimu mwenzangu wa fasihi alisema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Kwa maoni yake, mwanamke wa tamthilia za kisasa za Kimarekani hajitafuti hata kidogo, anakimbia wajibu. "Chukua yoyote," alisema, "mwisho utamkuta ameondoka, ameua au amejiua." Waliokuwepo wakamuunga mkono. Naileta hoja hiyo tuijadili, nami naanza kwa kuipinga.

Hesabu yake siikatai, ninachokataa ni anavyoisoma. Tuanze na Trifles ya Susan Glaspell, iliyochezwa mara ya kwanza 1916 huko Provincetown, Massachusetts. Mume amenyongwa kitandani, mke yuko rumande. Glaspell aliwahi kuwa mwandishi wa habari Des Moines, Iowa, na aliiripoti kesi ya kweli ya mke wa mkulima aliyeshtakiwa kumuua mumewe usingizini mwaka 1900. Kwa hiyo kifo kipo. Lakini tazameni mtunzi anatuelekeza wapi. Mshtakiwa mwenyewe hatokei jukwaani hata mara moja. Sherifu na mwendesha mashtaka wanapanda ghorofani kutafuta ushahidi, huku wakiwacheka wanawake wawili walioachwa jikoni na chupa za matunda zilizopasuka kwa baridi na blanketi la viraka lisilokwisha kushonwa. Kumbe wanaoona ni hao wa jikoni. Mishono ya blanketi imelingana vizuri, mara kipande kimoja kimeshonwa ovyo, kama mkono ulikuwa unatetemeka. Ndani ya kisanduku cha ushonaji wanamkuta chiriku amezongwa kwa kitambaa cha hariri, shingo imevunjwa.

Hapo Bi. Hale, mmoja wa wale wawili, anamkumbuka Minnie Foster, msichana aliyependa kuvaa vizuri na kuimba kwaya. Aliyeko rumande ni yeye huyo huyo, ila baada ya kuolewa anaitwa Minnie Wright. Mumewe hakuwa mlevi, alilipa madeni yake, ila hata simu hakutaka iingie nyumbani kwa kuwa alipenda kimya. Minnie Foster alikuwa amekwisha kupotea muda mrefu kabla ya Bwana Wright kufa. Kesi ya huo upotevu wa kwanza hakuna aliyeifungua, isipokuwa wale wawili jikoni. Mwenzangu anahesabu maiti moja, mimi naziona mbili.

Miaka 12 baadaye, 1928, Sophie Treadwell anatupa Machinal, naye alianzia kwenye kesi ya kweli, ya Ruth Snyder aliyehukumiwa kwa kumuua mumewe, akauawa kwa kiti cha umeme mwaka huo huo. Katika orodha ya wahusika shujaa ameandikwa "Mwanamke Kijana" tu. Anaolewa na bosi ambaye akimgusa tu mwili unamsisimka kwa karaha, anazaa, anamuua mumewe, naye anauawa na sheria kwa kiti cha umeme. Neno lake la mwisho linakatwa katikati.

Sasa twende kwa Lorraine Hansberry, maana hapa ndipo hoja ya mwenzangu inapovunjika kabisa. A Raisin in the Sun ilifika Broadway, kwenye kumbi kuu za maonyesho za New York, Machi 1959, ikiwa tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kuchezwa huko. Beneatha Younger anaishi na mama, kaka, wifi na mtoto wa kaka katika nyumba finyu ya Chicago. Anataka kuwa daktari. Akisema maneno ya kumkana Mungu, mama yake anamzaba kofi na kumlazimisha akiri kwamba ndani ya nyumba ya mama Mungu bado yupo. Haondoki. Haui. Kaka yake anapoteza fedha za bima ya marehemu baba zilizokuwa na fungu la masomo yake, na bado Beneatha yumo humo humo, anagombana nao na kuhama nao. Kujitafuta kwake kunaanzia kichwani, kwenye nywele. Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria, anamletea vazi la kwao na kumuuliza kwa nini anaziumiza nywele zake kwa kuzinyoosha. Beneatha anazikata na kuziacha za asili. Na kitendo hicho kiliondolewa kwenye onyesho la 1959! Fedha, bima, ubaguzi wa makazi, vyote vilibaki. Kilichoondolewa ni nywele za binti mweusi zilivyoota. Kila nikikumbuka hilo naumia.

Nywele hizo zinarudi 1964 kwa Adrienne Kennedy, katika Funnyhouse of a Negro, safari hii zikinyonyoka. Sarah amegawanyika: nafsi zake ni Malkia Victoria, mke wa mtawala wa Hapsburg, ukoo wa kifalme wa Ulaya, Yesu, na Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga Januari 1961. Mwishowe anajinyonga. Mwenzangu ataniambia, si unaona? Naona. Ila simwoni akikimbia nyumba; namwona hana hata chumba kimoja ndani yake mwenyewe ambacho mtawala hajaingia.

Ntozake Shange alizaliwa akiitwa Paulette Williams. Mwaka 1971 akachukua majina ya Kusini mwa Afrika: Ntozake, anayekuja na vitu vyake mwenyewe; Shange, anayetembea na simba. Wanawake saba wa for colored girls who have considered suicide / when the rainbow is enuf, tamthilia yake iliyofika Broadway 1976, wanatambulishwa kwa rangi tu, na yule wa kijani analia kwamba mtu nusura aondoke na vitu vyake vyote. Vitu gani? Mkono wenye kovu la pasi. Mguu alioumwa na kiroboto. Anavidai kimoja kimoja, na hadai nyumba wala mume.

Pagumu kwangu ni 'night, Mother ya Marsha Norman, iliyopata tuzo ya Pulitzer 1983. Jessie anamwambia mama yake mapema kwamba usiku huo atajiua, kisha anampangia peremende na kumwonyesha vitu vilipo jikoni. Wapo wanaosema huko ndiko kujimiliki. Sikubali. Mtu anayejua mama yake anapenda peremende zipi ana nafsi tayari. Alikosa wa kumwambia hivyo mapema. Hapa nitafurahi kupingwa.

Halafu mnijibu na hili. Mwaka 2016, miaka 100 kamili baada ya Trifles, Eclipsed ya Danai Gurira ilichezwa Broadway, Lupita Nyong'o akiwemo. Gurira alizaliwa Iowa, jimbo lile lile la Glaspell, akakulia Zimbabwe. Wake wa kamanda wa waasi nchini Liberia wanaitwana kwa namba: Namba Moja, Namba Tatu. Namba Moja amekaa miaka mingi kambini kiasi kwamba kulitaja jina alilopewa kwao ni kazi. Hatimaye analitamka: Helena. Je, naye ameikimbia nyumba?